Nafsi ya Kwanza

Jumatatu, kidato cha pili, somo la nafsi.
Niliandika ubaoni kwa chaki iliyolowa:
mimi, wewe, yeye; sisi, ninyi, wao.
Haya, chukueni nomino yoyote, muipitishe.
Kina Famau wakapitisha mkulima, mgeni, mdeni.
Doza, alalaye bwenini, mtu wa Mangai,
kule bara kwenye msitu wa asali,
akanyanyua kidole: Mshenzi.

Darasa likacheka, kisha likaacha kucheka.
Yeye ni mshenzi. Rahisi, kama kuteleza.
Wao ni washenzi: sauti thelathini, bati likatetemeka.
Wewe ni mshenzi: hapo wawili wa nyuma wakapigana makumbo.
Tulipofika mimi, chaki ikakatika.
Si ajabu, chaki za serikali hukatika.
Lakini hakuna aliyelimalizia.

Nyumbani kwetu Mkomani kuna ukuta wa zidaka,
chokaa juu ya matumbawe, kila kidaka na sahani yake.
Katika birika la choo mna vijisamaki
vinavyokula viluwiluwi vya mbu.
Bibi husema, hii ndiyo nyumba ya kiungwana:
huko Ulaya wakimwaga haja zao dirishani,
sisi tulikuwa na samaki wa kututunzia maji.
Sibishi. Maji yale ni baridi, ni safi.

Nyuma ya sahani ya buluu, kidaka cha tatu,
nilikuta daftari la babu yake bibi.
Herufi za Kiarabu, maneno ya Kiamu,
wino uliogeuka rangi ya kahawa.
Alihesabu kwa utulivu wa mtu asiyekosa swala:
sahani kubwa saba, moja ina ufa;
viti vya enzi, viwili;
Songoro, Faida, Sikujua, wa shamba la bara;
sufuria.
Ufa aliuandika. Wa sahani.

Kurasa nyingi mbele, mkono umeanza kutetemeka:
*Leo nimeitwa bomani. Nimesimama tangu asubuhi
hata adhuhuri. Kiti kilikuwapo.
Kijana yule mwekundu amemwambia karani neno,
na neno hilo nimelijua, kwa kuwa ni letu.*
Hakuliandika.
Nilipindua kurasa zote zilizobaki, nikikohoa vumbi.
Hakuliandika popote.

Chuoni nilisomeshwa wenye akili nyingi.
Mmoja, mtu wa kukaa kwao,
aliyapanga mataifa kama sahani vidakani, nyeupe juu.
Mwenzake akamkatalia: mtu wa msituni ndiye mwema!
Akamvika majani, akamnyima jina.
Nilipata alama nzuri kwa kuwalinganisha.
Hakuna swali lililouliza
kama mtu yule wa msituni alikuwa na kiu.

Maana kwenye daka letu, nje, kuna msumari,
na kwenye msumari kikombe cha bati.
Baba yake Doza, au mtu kama baba yake Doza,
alikuja na asali kila baada ya masika,
akanywewa maji yetu kwa kikombe kile,
hapana, nimekosea, *akanywa*;
naona hata sarufi inataka kumnyang'anya tendo.
Alikunywa akiwa amesimama.
Asali tukaila kwa sahani za buluu.

Baada ya kengele nilimzuia Doza mlangoni.
Na kwenu, sisi watu wa mjini mnatuitaje?
Akatazama ndara zake. Akatabasamu
kama mtu anayefunika chungu.
Lipo neno, mwalimu.
Lakini si la kumwambia mtu usoni.
Akaomba ruhusa, akaenda kula.

Usiku huu nimekiteremsha kikombe.
Kinanuka kutu, na kwa mbali, moshi wa nyuki.
Nimesimama nacho, sijui kidaka gani,
sijui hata kama ni kidaka ninachotafuta.
Msumari umeacha mstari mwekundu ukutani.
Bibi, asiyeona tena, amesikia bati likigonga jiwe.
Ni nani huyo hapo nje?

Ni mimi, nikasema.

Mimi nani?